UZI: Kabla uwashe pawaso zunguka mti kwanza (yaliyotupata na nyuki huko Bahati)

mkatamiti_nax:

Wadau habari za jioni. Mimi ni wa hapa Nakuru, kazi yangu ni miti, hii ya kupunguza matawi yameinamia stima na kuangusha miti mizee kwa mashamba ya watu. Mwaka wa tisa huu. Tawi limeniangukia mara moja, cheni ya mashine imenigusa mguu mara moja, lakini siku nimeogopa kabisa ni Alhamisi ya wiki iliyopita na siku hiyo hakuna mtu alikatwa na chochote.

Tulikuwa wanne, upande wa Bahati. Mwenye shamba anataka miti mitatu ya mukima ya mpakani ishuke ju inafunika mahindi. Ilikuwa kama saa nne, jua limeanza kuchoma. Tukaangalia mti utalalia wapi, waya uko wapi, ng'ombe wakatolewa, basi, tukaona tumemaliza kukagua. Mti wenyewe hakuna aliyeuangalia. Ule wa pili ulikuwa na tundu mahali tawi lilivunjika kitambo, kama futi kumi na mbili kwenda juu, na mdomo wa lile tundu ulikuwa umekuwa mweusi, laini, unang'aa kama kitasa cha mlango ambacho kila mtu hushika. Hiyo nilikuja kuiona siku ya pili tukifuata vifaa. Siku yenyewe sikuona kitu.

Kijana wetu wa mashine, wacha nimuite Kaka, akawasha pawaso akaweka kwa shina. Dakika haikuisha. Kitu ya kwanza nilisikia ni harufu, na hii sitaisahau, harufu ya ndizi mbivu. Nikajiambia huyu dereva ameanza kula mapema leo. Kabla nigeuke kitu kikanigonga kwa paji la uso, hakijauma, kimegonga tu kama punje ya mahindi umetupiwa. Halafu ingine. Halafu ikawa ni kama mtu amefungua gunia akamwaga.

Hapo kila mtu akafuata akili yake. Mimi nilikimbia nikipunga kofia kama mtu anasimamisha matatu, ujinga. Kaka aliwacha mashine chini ikinguruma, hapo alifanya vizuri, lakini akakimbilia dam ya jirani akaingia mpaka shingo. Akizama wananyamaza, akitoa kichwa apumue wako palepale juu ya maji wanamngoja. Tulimtoa miiba zaidi ya arobaini kwa kichwa na masikio tukawacha kuhesabu. Mzee wetu wa kupanga matawi, huyo hakupiga kelele wala kupunga kitu, alivuta shati likafunika kichwa akabakisha ya kuona njia, akaenda mbio moja kwa moja mpaka kwa pikapu akafunga vioo. Wachache waliingia naye akamalizana nao huko ndani. Mzee aliumwa mara sita. Ana miaka sitini na kitu.

Sasa sikilizeni. Dereva aliumwa mara mbili. MBILI. Shingo na mdomo. Tukamcheka hata, tunamwambia wewe umeponea. Baada ya kama dakika kumi akaanza kukuna viganja vya mikono, anakuna tu, halafu nyayo, anataka kutoa viatu. Halafu tumbo. Halafu sauti ikabadilika ikawa ya mtu ana viazi moto mdomoni. Akaniangalia akaniambia "ndugu mimi nakufa", hakuwa analia, alikuwa ananiambia tu kama mtu anakuambia saa. Tukamlaza nyuma ya pikapu yake mwenyewe nikashika usukani, na mimi leseni yangu imeisha tangu mwaka jana lakini hiyo ni hadithi ingine. Dispensari ilikuwa karibu, Mungu ni mkubwa. Sista alimuona akiwa bado kwa gari, hakuuliza jina wala pesa, akamdunga sindano kwa paja juu ya suruali. Dakika tano, kumi, sauti ikarudi.

Na unajua alituambia nini akiwa pale kitandani? Ati miaka mitatu iliyopita nyuki mmoja alimuuma akavimba uso wote mpaka macho yakafunga. Miaka mitatu amekaa na hiyo kitu, tunafanya kazi na yeye kwa miti kila siku, hajawahi kusema. Na sisi hatujawahi kuuliza.

Kwa hivyo nimebadilisha kazi. Hakuna kuwasha chochote kabla tuzunguke mti dakika tano mdomo umefungwa, na kabla ya hapo kila mtu aseme anakimbilia wapi, na aseme kama amewahi kuvimba. Wengine wenu mnafanya kazi za nje, miwa, majani chai, mitaro, faiba, kusoma mita. Leteni yenu hapa.

---

boda_pipeline:

Pole sana mkubwa. Lakini kwani hamkuwa na paraffini? Sisi kwetu unamwagia tu unawasha kiberiti, kwisha.

mkatamiti_nax:

Paraffini na moto mwezi wa pili, nyasi imekauka hivyo, shamba la mtu. Nalipa na nini?

---

mzinga_wa_kabras:

Mulembe. Mimi nafuga nyuki huku Kabras, mizinga thelathini na kitu, mingine Langstroth, ile ya masanduku, mingine ya magogo niliachiwa na baba. Bwana Mkatamiti hiyo harufu hukuota. Nyuki akidunga au akipondwa anatoa harufu ya kuita wenzake, na hiyo harufu ni ya ndizi mbivu kabisa, ndio maana sisi wa mizinga hatuli ndizi tukienda kuvuna, wazee walikatazana hivyo kabla hata mtu aeleze ni kwa nini. Ukisikia ndizi na hakuna ndizi, hapo si pa kukaa unafikiria.

Na ile ya kukugonga kwa paji bila kuuma, yule ni mlinzi. Anakuambia rudi. Wakati mwingine unapewa hiyo nafasi, hata kama ni ndogo. Ukirudi polepole kinyumenyume wakati ni mmoja au wawili wanagonga, mara nyingi inaishia hapo. Ukimpiga kofi umempondea shingoni, sasa shingo yako ndio imebeba ile harufu na wote wanajua pa kuja.

Kilichowaamsha ni mtetemo. Nyuki anaishi ndani ya ule mti, na wewe umeweka mashine kwa ukuta wa nyumba yake. Pawaso, mashine ya nyasi, jenereta, hata mtu akipiga shoka, ni kitu kimoja kwake. Halafu anatafuta kitu cheusi chenye manyoya, ju adui wake wa siku zote ni nyegere. Kwa hivyo anakuja kwa nywele, kwa nyusi, macho, masikio, pua. Kofia nyeusi na ovaroli ya bluu nzito unamkaribisha. Vaa rangi nyeupe nyeupe au kaki. Na siku ya kazi wacha marashi na mafuta ya nywele yenye harufu.

Kuangalia mti nitawaambia venye mimi huangalia. Simama kando, si mbele ya tundu, jua likiwa nyuma yako au pembeni, usiangalie gome, angalia hewa iliyo mbele ya gome. Ndani ya dakika tatu nne ukiona vitu vinapita kama cheche, vinaingia na kutoka njia moja, wako ndani. Hiyo ya mdomo mweusi unaong'aa ni kweli, ni miguu yao miaka na miaka. Angalia pia chini, kwa mizizi, na kwa kichuguu kilichokufa, na kwa tairi lililotupwa. Lakini ukikuta wamening'inia kwa tawi kama mfuko, nje wazi, hao wamehama wanatafuta nyumba, hawana watoto wala asali ya kulinda, kwa kawaida ni wapole. Usiwarushie mawe tu. Ngoja kesho wanaweza kuwa wameenda.

Tundu likiwa na nyuki ita mtu wa mizinga aje jioni jua likizama. Wengine wetu tunakuja hata bila kulipwa pesa mingi, ju hao nyuki tunawataka.

---

klinishan_ksm:

Mimi ni klinikal ofisa hapa Kisumu, nimekaa kazualti miaka kadhaa na hii hadithi ya dereva nimeiona na sura tofauti. Wacha niongeze penye Mkatamiti amefika.

Kuna mambo mawili watu huchanganya. Kuna kuumwa na wengi, na kuna mwili kukataa sumu hata ya mmoja. Kaka na miiba arobaini ni ya kwanza, dereva ni ya pili. Ya pili ndio inaua haraka, na haihesabu. Dalili ziko venye mmesoma: viganja na nyayo kuwasha, vipele kutokea mahali hukuumwa, midomo na ulimi kuvimba, sauti kubadilika, kifua kubana, kutapika au tumbo kukata, kizunguzungu, na ile hisia ya kwamba unakufa. Mtu akikuambia hivyo usimcheke.

Dawa ni moja, adrenalini. Mtu mzima ni miligramu 0.5 kwa msuli wa paja upande wa nje, na tunaweza kurudia baada ya dakika tano kama hajashika. Sista alijua kazi yake. Piriton ni ya kuwasha tu, haifungui koo, na nimeona watu wamekaa nyumbani wakimeza Piriton mpaka mtu anabadilika rangi. Njiani mlaze, miguu iinuliwe kidogo. Akishindwa kupumua akiwa amelala mwache akae, lakini asisimamishwe na asitembezwe, hata kama gari ni pale barabarani. Hiyo ya kusimama ghafla imepoteza watu. Na akishapona dakika kumi asiende nyumbani, hiyo kitu inaweza kurudi baada ya masaa, ndio maana tunamweka.

Mwiba wa nyuki unabaki kwa ngozi na kifuko chake bado kinasukuma sumu. Utoe haraka, na kucha, na kadi, na chochote. Watu hubishana ati usifinye, ukwangue. Ukibishana nusu dakika sumu imeshaingia yote.

Wa miiba mingi, kama Kaka, mwambie aangalie mkojo siku mbili tatu hizi. Ukiwa rangi ya koka au chai ya rangi, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Misuli inaharibika, figo zinaziba.

mkatamiti_nax:

Daktari asante. Nimempigia Kaka saa hii namuuliza rangi ya mkojo ananiuliza kama nimelewa. Anasema iko sawa.

---

mamachai_hamisi:

Mimi ni mama wa majani chai huku Hamisi. Hapa shida yetu kubwa si nyuki, ni manyigu. Wanajenga chini ya jani katikati ya kichaka cha chai, kanyumba kama karatasi, kadogo kama kikombe, na wewe unapitisha mikono miwili haraka haraka ju unalipwa kwa kilo. Juzi nilishika nyumba nzima na kiganja. Nyuki akikuuma amekufa, lakini hii nyigu haina mwiba wa kubaki, inakuuma, inatoka, inakuuma tena, na hasira zake haziishi. Mkono ulikuwa kama mkate.

Sisi tunatembea na kafimbo. Kabla uingie mstari mpya unapapasa juu ya vichaka na kafimbo, unangoja uone kama kuna kitu imetoka. Wasimamizi wengine wanasema tunapoteza wakati. Basi waje washike wao.

Daktari swali, mimi nakunywa dawa ya presha, ile atenolo. Nilisikia mahali ati hiyo ni mbaya na nyuki?

klinishan_ksm:

Mama umesikia vizuri. Dawa za aina hiyo zinaweza kufanya adrenalini isishike vizuri mtu akipata ile hali. Usiwache dawa yako kabisa, presha nayo inaua. Lakini mwambie daktari wa kliniki yako kwamba unafanya kazi kwa chai na huumwa na nyigu, kuna dawa zingine za presha anaweza kuangalia. Na siku ukifika hospitali na hiyo shida, jambo la kwanza waambie unameza atenolo.

---

miwa_muhoroni:

Oyawore wote. Nyinyi mna nyuki, sisi tuko na yule mnene wa miwa. Kifutu. Nimekata miwa huku tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Shida ya kifutu hakimbii. Nyoka wengine wakisikia kishindo wametoka zamani, huyu anajua rangi yake ni ya majani makavu anakaa tu hapo kama kamba imetupwa, na wewe kukata miwa ni lazima uiname ushike shina chini kabisa. Mkono unaenda kwake mwenyewe.

Wakichoma shamba kabla ya kukata ni afadhali, wanatoka, lakini wanatoka kwenda wapi? Kwa mpaka, kwa mtaro, penye tumeweka maji ya kunywa na nguo. Jirani yangu alikalia jaketi lake saa ya kupumzika. Haikumuuma bahati tu, lakini tangu hiyo siku tunatundika nguo kwa trela.

Kile nafanya, napiga shina na ubapa wa panga kabla nishike, sishiki mahali sioni, na gambuti sitoi hata jua likiwa kali namna gani. Mtu anakuambia gambuti ni joto. Ndio ni joto.

mjukuu_wa_jadolo:

Omera lakini kifutu si shida ukiwa na jiwe. Babu yangu alikuwa na lile jiwe jeusi, unachanja kidogo unabandika, linanyonya mpaka linaanguka lenyewe. Ameponya watu mingi sana, mimi nimeona na macho yangu. Hospitali wanakuandikia panadol.

klinishan_ksm:

Ndugu siwezi kusema hukuona, umeona. Lakini jiulize wale watu waliumwa na nini. Nyoka wengi kwa mashamba yetu hawana sumu ya kuua mtu. Na hata mwenye sumu wakati mwingine anauma bila kuiingiza. Hao wote wangepona na jiwe, na ndizi, na maji ya mvua. Jiwe linapata sifa. Yule ambaye kifutu alimwaga sumu kweli, jiwe linaanguka na mguu unaendelea kuoza, tunampokea siku ya tatu.

WHO iliweka kuumwa na nyoka kwa orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika 2017, na sababu moja ni hiyo, watu wanachelewa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Sumu ya kifutu inakula nyama mahali ilipo, ukiifungia mahali pamoja umeiambia kula hapa hapa vizuri. Toa pete na saa na kiatu kabla mguu uvimbe. Mguu utulie, funga na kijiti kama umevunjika, ulegeze kitambaa. Mgonjwa asitembee. Kama ni boda, akae katikati, dereva mbele na mtu nyuma wa kumshika, mshikaki wa maana mara moja katika maisha. Nyoka msimfukuze wala kumbeba, nimeletewa nyoka kwa gunia akiwa hajafa. Picha ya mbali inatosha.

Na kabla mtoke, mtu mmoja apige simu mbele aulize kama dawa ya nyoka iko. Si kila kituo kinaweka. Afadhali kilomita ishirini zaidi kwenda penye iko kuliko kukaa foleni penye haiko.

mjukuu_wa_jadolo:

Sawa nimesikia. Lakini jiwe silitupi, ni la babu.

klinishan_ksm:

Liweke kabatini. Mimi sina neno na jiwe.

miwa_muhoroni:

Na ile inatema?

klinishan_ksm:

Swila mweusi. Huyo anaweza kukutemea macho kutoka mita mbili na zaidi. Maji, mengi, mara moja, dakika kumi na tano hata ishirini ukifungua jicho kwa vidole. Usisugue. Kama maji hakuna kabisa tumia maziwa. Halafu hospitali wakaangalie kioo cha jicho kama kimechubuka, hata kama maumivu yamepoa.

---

maua_vasha:

Mimi nafanya kazi kwa maua, Naivasha, naamka saa kumi na nusu niwe kwa geti saa kumi na mbili. Hapa tunatembea na viboko. Watu wa mbali hudhani kiboko anakaa tu kwa maji kama picha. Anatoka usiku kukula nyasi, anatembea mbali, na anarudi maji saa ileile sisi tunaenda kazi. 2020 ziwa lilipopanda likaingia mpaka Kihoto, wakawa wanakula karibu na milango ya watu.

Kitu tulifundishana ni kimoja tu, usikae kati yake na maji. Hana shida na wewe sana, anataka njia yake, lakini ukiwa kwa hiyo njia umeisha, ni tani moja na nusu na anakimbia kukushinda. Tunatembea watano sita, tochi iko juu, tunaongea kwa sauti, na ile njia ya mkato ya kando ya ziwa tuliwacha hata kama inapunguza dakika kumi na tano. Kuna asubuhi tumengoja nyuma ya kibanda cha mandazi mpaka amalize kula, tukakatwa masaa. Supavaiza akauliza mbona mmechelewa. Kiboko. Akaandika "sababu za kibinafsi".

jalupo_dunga:

😂😂 sababu za kibinafsi yawa! Huku Dunga, ziwa Viktoria, kiboko ni sababu za kila mtu. Sisi wa mtumbwi shida ni ile magugu ya hayasinti, anajificha humo unaona tu pua mbili, na akiwa na mtoto anapindua mtumbwi bila kufikiria. Wazee wetu wanapiga ubavu wa mtumbwi na kasia wakikaribia magugu, ili ajue uko hapo, hapendi kushtuliwa. Jaketi la kuokolea vaa, usikalie.

---

vibarua_tuamke:

Nimesoma yote na hakuna ameuliza, bili ya dereva ililipwa na nani?

mkatamiti_nax:

Na sisi. Tulichanga. Hiyo kazi tulikuwa chini ya kontrakta mmoja, nikampigia akaniambia nyuki ni kazi ya Mungu, kila mtu na mzigo wake.

vibarua_tuamke:

Hapana. Nyuki wa Mungu lakini mti ulikuwa wa kazi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, hii watu huita WIBA, ni ya 2007, na inasema mwajiri awe na bima ya wafanyakazi na aripoti ajali kwa ofisi ya usalama kazini ndani ya siku saba akishaarifiwa. Kwa hivyo mwarifu leo, kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp, weka tarehe, saa, mahali, majina ya waliokuwepo, na karatasi ya dispensari piga picha. Akikataa nenda mwenyewe kwa ofisi yao hapo Nakuru. Vifaa vya kujikinga pia, ile sheria ingine ya mwaka huo huo inasema ni vya mwajiri kutoa, hakuna cha kukatwa pesa ya gambuti kwa mshahara, na najua wengi hapa mmekatwa.

Na wa kiboko, nyati, mamba, hiyo ni njia ingine, ni sheria ya wanyamapori ya 2013. Mnaripoti KWS, wale wa shirika la wanyamapori, na inapita kwa kamati ya kaunti. Kwa kifo iliandikwa milioni 5. Kulipwa kunachukua miaka, lakini ambaye hakuripoti halipwi hata akingoja.

mkatamiti_nax:

Nimemtumia tayari. Tiki mbili za bluu, hajajibu.

---

faiba_kondele:

Swali ndogo ya haraka. Kuna kale kamdudu chekundu na cheusi kembamba kama punje ya mchele, tunaita Nairobi flai. Mimi nafungua maboksi ya faiba jioni na taa ya kichwa, kamekuja kwa shingo nikakapiga, sasa niko na alama kama nimemwagiwa mafuta moto.

klinishan_ksm:

Hako hakaumi. Sumu iko kwa damu yake, wewe ndio ulijipaka ulipokaponda. Osha na sabuni na maji, usiguse macho baada ya kugusa shingo, nguo ile ufue. Kakija tena kapulize tu kaende. Kanafuata taa yako.

---

mkatamiti_nax:

Wadau nimerudi, ni siku tano sasa. Nimeona mnauliza mambo yaliishaje.

Jana tulikuwa na kazi ingine, Rongai, mkalitusi mmoja mkubwa kando ya boma. Tukazunguka dakika tano kimya. Watoto wa boma wakatuangalia wakidhani tunaomba. Mzee ndiye aliona, hakuona tundu, aliona hewa venye Mzinga alisema, cheche zinaingia chini kwa mzizi upande wa nyuma ya choo, mahali hakuna mtu angepita kuangalia. Tukafunga kazi saa tatu asubuhi. Mwenye boma alikasirika kidogo, nikamwambia kama una haraka pawaso ni hii hapa washa wewe. Akatulia.

Jioni akaja kijana wa mizinga wa hapo karibu, na moshi na kofia ya neti, akawatoa polepole mpaka saa mbili usiku akaenda na wao kwa boksi. Nilimlipa mia tano ya mafuta. Leo tumeangusha mti bila shida yoyote.

Kofia za neti tumeshona tano, ni neti ya mbu ya zamani na kofia ya majani ya sokoni, mke wa mzee ametushonea. Kwa pikapu tumeandika kwa tepu namba ya dispensari ya karibu, tunabadilisha kila tukihama. Kontrakta amejibu, ameandika "tutaongea". Dereva amerudi kazi Jumatatu, daktari amemwandikia aende akaonwe na mtu wa mzio, na sasa yeye ndiye anauliza kila mtu mpya, "wewe umewahi kuvimba?", kabla hata ya kumsalimia.

boda_pipeline:

Na ndizi?

mkatamiti_nax:

Ndizi zinakuliwa kwa gari, vioo vimefungwa.